Lugha ya ugenini haipandi? Jaribu maktaba ya mtaa kabla ya kumlipa mtu

Mzee wa Bandarini (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila baada ya siku chache kuna mtu anaingia jukwaa hili la walio nje na swali lile lile: "Nipo Ujerumani, A2 (ngazi ya pili ya lugha, baada ya A1) nimemaliza, darasani naelewa, nikitoka nje ulimi unaganda. Nifanyeje?" Majibu nayo ni yale yale. Pakua programu. Angalia katuni. Tafuta mchumba Mjerumani (hili wengine wanalitoa kwa moyo mmoja kabisa). Sijaona anayetaja maktaba.

Najua kwa nini. Maktaba tuliyokulia nayo ni kibao cha KIMYA mlangoni, ndani vijana wa kidato cha sita wamejaa na madaftari yao wenyewe, kitabu cha rafuni hakijaguswa. Ukikohoa mara mbili unaangaliwa. Sasa mtu anayetaka kujifunza kuongea akafuate nini huko?

Mimi nipo Hamburg, kwa hiyo nitasema ya Hamburg. Maktaba za umma za jiji hili zinaitwa Bücherhallen. Zina matawi zaidi ya 30 mitaani, na kubwa lao lipo Hühnerposten, jirani na stesheni kuu ya treni, kwenye jengo lililokuwa la posta. Wana utaratibu wao unaitwa Dialog in Deutsch. Mnakaa mezani kwa muda wa saa moja, mara moja kwa wiki, mnaongea Kijerumani. Basi. Hulipi, hujiandikishi, hakuna tarehe ya kuanza wala ya kumaliza, na hakuna anayekuuliza kibali chako ni cha aina gani. Ukikosa kwa sababu ya shifti, unarudi wiki nyingine na kiti kipo. Wanaoongoza ni watu wa kujitolea, wengi wastaafu.

Hilo la kibali tusilipite haraka. Kozi ya serikali, Integrationskurs, ina vipindi 600 vya lugha na 100 vya kuifahamu nchi, sheria zake na historia yake. Ni kozi nzuri, ukiipata nenda. Ila si kila mtu ana haki nayo. Kuna aliyekuja kama au pair (anaishi na familia akiwalelea watoto), kuna aliye kwenye mwaka wa kujitolea, kuna anayesubiri faili lake lisogee. Na kuna mama aliyefuata mume, akapata watoto wawili mfululizo, kozi ikampita. Mezani pale hao wote wanakaa pamoja.

Nieleze kikao kimoja mwone. Bibi anayetuongoza, mwalimu wa hisabati aliyestaafu, amekuja na vipeperushi vya supamaketi, vile vya ofa za wiki. Kila mmoja anapewa kimoja: una euro ishirini, wageni wanne wanakuja kula, utanunua nini? Kijana mmoja wa Eritrea anaanza kwa kusimulia alivyokwenda dukani jana yake: "Ich habe gegangen..." (alitaka kusema "nilikwenda", ila kitenzi hicho kinataka bin, si habe). Darasani angekatwa hapo hapo na kanuni ikaandikwa ubaoni. Bibi anaitikia kwa kichwa tu, "Ah, Sie sind gegangen. Und dann?" (ah, ulikwenda; halafu?). Kijana anaendelea na habari yake, na sentensi mbili mbele anasema mwenyewe "bin gegangen", hakuna aliyemwambia. Mama mmoja wa Afghanistan anabisha kwamba nyama ya kusaga ya ofa haifai, mwingine anaitetea, mara watu wazima wanagombania bei ya vitunguu kwa Kijerumani na hakuna anayekumbuka kuona aibu.

Aibu ndiyo adui mkubwa wa mtu mzima kwenye lugha, kuliko hata sarufi. Mtoto akikosea anachekwa na anacheka. Wewe una digrii, kwenu unaamkiwa shikamoo, halafu unaongea kama mtoto wa chekechea mbele ya karani wa miaka ishirini. Unachagua kunyamaza. Pale mezani wote mna ulimi mzito, na hakuna foleni nyuma yako.

Kikao kikiisha usikimbilie nje. Nenda rafu ya Deutsch als Fremdsprache (Kijerumani kwa wageni). Kuna hadithi fupi zilizowekewa kiwango kwenye jalada, A1, A2, B1, nyingi zina sauti yake. Kuna jarida la Deutsch perfekt. Kuna vitabu vya kujiandaa na mitihani, vile ambavyo dukani unaviangalia bei unavirudisha. Na hapa niseme kitu najua mtanipinga: achaneni na vitabu vya watoto. Kila mtu anashauri "anza na vya watoto, ni vyepesi". Si vyepesi. Hadithi ya watoto imejaa ging, sprach, nahm (alikwenda, alisema, alichukua), ule wakati uliopita wa kimaandishi ambao kwenye mazungumzo ya kila siku unasikika kwa nadra kwa vitenzi vya namna hiyo. Halafu imejaa mbweha, mchawi na ufagio. Wewe unatafuta maneno ya kodi ya nyumba na miadi ya daktari.

Kukaa na kusoma humo ndani ni bure hata bila kadi. Kuazima ndiko kunataka kadi, na ya mtu mzima ina ada ya mwaka.

Sasa ubaya wake. Maktaba haitoi cheti. Ukitaka ukazi wa kudumu au uraia, B1 utaifanyia mtihani kwingine na utalipia. Na kama ndiyo kwanza umeshuka kwenye ndege, hata kujitambulisha hujui, kikundi kitakupita juu. Anza na kozi, au vhs-Lernportal, au Nicos Weg ya Deutsche Welle, hizo mbili ni bure mtandaoni, halafu uje mezani.

Nawasilisha. Walio nchi nyingine waseme ya kwao.

---

Chuma cha Pua

Mkuu umeandika vizuri lakini hizo ni starehe za watu wenye muda. Sisi tumekuja kutafuta. Nenda kazini utajifunza lugha huko huko na unalipwa. Duolingo kwenye basi, imeisha hiyo.

---

Mzee wa Bandarini

Chuma, kazi gani? Maana nilipoanza nilikuwa ghala la mizigo. Mpolandi, Mghana, Mromania na mimi. Kijerumani chetu kilikuwa schnell (haraka), Pause (mapumziko), noch mal (rudia), na matusi ya lugha nne. Wapo watu wamekaa humo miaka na miaka, na barua ya ofisi ya wageni bado wanawapelekea watoto wao wawasomee. Kazi inafundisha lugha kama kazi yenyewe ni ya kuongea: hospitali, duka, chekechea. Ghalani na jikoni unajifunza amri.

Hiyo programu ya kwenye basi sina ugomvi nayo. Inakupa maneno. Ila haijawahi kukukatisha sentensi katikati na kukuuliza "wie bitte?" (umesemaje?)

---

Binti Korogwe

Kaka shikamoo, asante kwa uzi. Mimi ni nesi, nipo Dar, nimemaliza B1 natafuta B2 maana bila hiyo cheti changu cha uuguzi hakitambuliki kule. Darasani tuko wengi, mwalimu anafundisha sarufi vizuri sana lakini kuongea kwa wiki pengine napata dakika chache. Huku nyumbani hakuna hayo mameza ya maktaba. Nifanyeje kabla sijasafiri?

---

Mzee wa Bandarini

Marahaba mdogo wangu. Mawili. Kwanza, Goethe-Institut wana maktaba ya mtandaoni, Onleihe, ina vitabu na sauti za kila kiwango. Jisajili utumie, huhitaji kuwa Ujerumani. Pili, tafuta wenzako watatu au wanne wa B1 hapo hapo darasani, muwe na meza yenu. Usiseme "wote tunakosea, nani atanirekebisha". Kwanza muongee. Chukueni mambo ya wodini: kupokeana zamu, kumweleza mgonjwa dawa, kumpigia simu ndugu wa mgonjwa. Simu hasa. Uso kwa uso unasaidiwa na mikono, kwenye simu huna msaada.

Na ukifika huku, tandem. Chuo Kikuu cha Hamburg kinafundisha Kiswahili tangu enzi za ukoloni, kuna wanafunzi wanatafuta mtu wa kuongea naye. Nusu saa Kiswahili, nusu saa Kijerumani. Utaona raha siku ukimrekebisha Mjerumani ngeli. Sisi wenye ngeli zote hizi tunaogopa der, die, das, yaani jinsia tatu tu za nomino, za nini?

---

Jirani wa Kaloleni

Hapa Nairobi tangu ule mkataba wa wafanyakazi kati ya Kenya na Ujerumani usainiwe Berlin Septemba 2024, shule za Kijerumani zimechipuka kama uyoga. Kuna moja siitaji, ilichukua karo ya binamu yangu ya ngazi tatu kwa mpigo, mwalimu akaondoka katikati, pesa hazikurudi. Kwa hivyo hiki kichwa cha uzi kimenigusa.

Niongeze tu kwamba maktaba zetu zinabadilika kidogo. Maktaba ya McMillan, hapa katikati ya jiji, ni ya 1931, ilikuwa ya Wazungu pekee hadi jiji lilipoichukua, na matawi yake ya Eastlands, Kaloleni na Makadara, yamekarabatiwa na shirika la Book Bunk, sasa kuna vikao vya watu kuongea humo ndani, siyo kusoma tu. Ya lugha kwa watu wazima bado sijaona. Lakini ukiingia Kaloleni leo huwezi kusema ni chumba cha kunyamaziwa.

---

Mama wa Uvira

Ndugu zangu, mie niko Ohio, Marekani. Tulitoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Nataka kusema habari ya mama yangu maana humu mnaongea kana kwamba kila mtu amesoma.

Mama alikuja hapa hajui kushika kalamu. Alizaliwa kijijini Fizi, vita ikamkuta, kambini alilea watoto. Kiswahili na Kibembe anaongea kama maji lakini kusoma hapana. Wakampeleka darasa la Kiingereza la wakimbizi, mwalimu anaandika ubaoni, kila mtu ananakili, mama anachora tu. Akakataa kurudi. Alisema "pale ninaonewa na ubao".

Mwanamke mmoja wa kanisani ndiye alitupeleka maktaba ya mtaa. Pale kuna watu wa kujitolea wanakaa na mtu mmoja mmoja. Yule aliyempata mama hakuanza na Kiingereza. Alianza na jina la mama, akalikata herufi herufi kwenye vikaratasi, mama anazipanga mezani. Halafu majina ya watoto. Halafu vitu vya jikoni: akaleta kopo la chumvi, la sukari, pakiti ya mchele, mama asome kilichoandikwa juu. Ilichukua muda mrefu, sisemi uongo. Lakini siku aliposoma jina la kituo chetu juu ya basi kabla ya mimi kulisoma, alipiga kigelegele barabarani.

Kwa wale wa Marekani: maktaba nyingi zina kona ya uraia, vitabu na kadi za maswali zinatolewa bure. Angalieni ni maswali yapi, maana yamebadilika. Aliyepeleka fomu kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 anasomea orodha ya 128, anaulizwa 20, apate 12. Wa kabla ya hapo ni orodha ya 100, anaulizwa 10, apate 6. Kiingereza chenyewe ni kusoma sentensi moja vizuri kati ya tatu na kuandika moja kati ya tatu. Na mzee wa miaka 55 aliyekaa na green card miaka 15, au wa 50 aliyekaa nayo 20, anasamehewa Kiingereza, maswali anaulizwa kwa lugha yake na mkalimani. Watu wanawatesa wazee wao bure kwa kutojua hili.

Na kadi ya maktaba nyingi hapa inafungua Mango, ile programu ya lugha, bila kulipa. Kiswahili kimo. Watoto wangu wanaitumia kurudisha Kiswahili kilichowatoka, ndiyo kichekesho chenyewe: bibi anasukumwa kwenda Kiingereza, wajukuu wanavutwa warudi.

---

Chuma cha Pua

Mama wa Uvira umenifunga mdomo. Kigelegele barabarani!

---

Mkutubi Mstaafu

Nimesoma uzi huu kwa utulivu. Nimefanya kazi maktaba za mikoa maisha yangu yote ya kazi, niruhusuni nirekebishe jambo. Mnaongea kama vile maktaba kufundisha watu wazima lugha ya pili ni kitu cha Ulaya. Tulikifanya.

Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Desemba 1967. Mwaka 1970 ukatangazwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 wasiojua kusoma walikuwa karibu watu wazima saba katika kila kumi. Kisomo kile kilikuwa kwa Kiswahili, na sasa fikirini: mama wa Kisukuma Geita, mzee wa Kigogo Mpwapwa, Kiswahili kwao kilikuwa cha sokoni na cha mkutano wa hadhara. Alikuwa anajifunza kusoma kwa lugha yake ya pili, au ya tatu. Hiyo siyo lugha ya pili kwa watu wazima ni nini?

Darasa lilipokwisha kukawa na swali: asome nini? Bila cha kusoma mtu husahau upesi. Ndipo zikaanzishwa maktaba za vijiji, na magazeti ya vijijini. La Kanda ya Ziwa lilikuwa linatoka Mwanza, Elimu Haina Mwisho. Herufi kubwa, sentensi fupi, habari za pamba, maziwa ya mtoto, choo. Leo Mjerumani anatoa gazeti la lugha nyepesi tunapiga makofi. Kufikia 1986 wasiojua kusoma walihesabiwa asilimia 9.6.

Halafu fedha zikakata. Maktaba ya kijiji ikabaki kabati lenye vitabu vile vile, kisha kabati lenyewe likahamia ofisi ya kijiji, likawekwa mafaili. Nimeyaona.

Mleta uzi anasema kibao cha KIMYA. Sikatai. Lakini niwaambie tatizo kubwa kuliko kibao: saa. Maktaba nyingi zinafungwa mtu mzima akiwa bado kwenye daladala. Huyo anayetaka Kiingereza cha kazini, au Kichina cha kufuata mzigo Guangzhou, ametoka kazini saa kumi na moja. Akifika, mlango umefungwa. Wanafunzi wanajaa humo kwa sababu ndio pekee wenye nafasi mchana.

---

Mzee wa Bandarini

Mzee wangu, shikamoo. Hili la kabati kuhamia ofisi ya kijiji limeniuma.

Naomba nikuulize kwa heshima: leo watu watano wakienda kwa mkutubi wa mkoa wakaomba meza, chumba chenye mlango, Jumamosi asubuhi, watajibiwaje?

---

Mkutubi Mstaafu

Marahaba. Watajibiwa "leteni barua". Na waandike kweli, siyo kwamba wanazungushwa. Mkutubi akiulizwa na wakubwa zake kelele za chumba namba fulani ni za nini, awe na karatasi ya kuonyesha. Barua itaje siku, saa, idadi ya watu, na nani anawajibika na funguo. Wengi wanakwama kwa kwenda na maneno matupu.

---

Mpagazi wa Marangu

Nathibitisha hilo la barua. Sisi ni wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, tulikuwa tunataka Kiingereza kwa sababu bila hicho huwi guide, utabeba mizigo mpaka magoti yaishe. Maktaba moja ya huku (siitaji) mara ya kwanza walitukatalia. Tulivyopeleka barua yenye majina na saini ya mwenyekiti wa mtaa tukapewa chumba cha nyuma Jumamosi. Anayetuongoza ni mwalimu mstaafu wa sekondari, hatulipi, tunamchangia nauli.

Tunachofanya ni kuigiza. Mmoja mtalii, mmoja guide. Mtalii anasema kichwa kinauma, anatapika, hataki kushuka. Guide amweleze kwa upole kwa nini lazima washuke, bila kumtisha. Jaribuni muone kama ni rahisi. Neno "altitude" kila mtu analijua, kumshawishi mtu aliyelipa maelfu ya dola ageuke akiwa kambi ya Barafu, karibu na kilele, ndiyo kazi.

Shida yetu ni msimu. Julai na Agosti wote tupo mlimani, chumba kinabaki kitupu, wanataka kukigawa kwa wengine.

---

Mkutubi Mstaafu

Andikeni barua nyingine mapema, mwezi wa tano, mseme mnasimama miezi miwili na mnarudi lini. Na waambieni wake zenu au wadogo zenu waendelee na chumba, kisikae kitupu.

---

Kijana wa Dortmund

Mkuu mleta uzi, mimi nipo Dortmund, huku kuna kitu kama hicho? Na je mtu wa A1 iliyochoka anaruhusiwa?

---

Mzee wa Bandarini

Jina linabadilika kila mji, kwingi utasikia Sprachcafé (mkahawa wa lugha). Usitafute sana mtandaoni, nenda mapokezi ya maktaba kuu uulize hivi: "Gibt es hier ein Sprachcafé?" (Hapa kuna Sprachcafé?) Hiyo ni sentensi yako ya kwanza. Watakupa karatasi yenye siku na saa. A1 iliyochoka mara ya kwanza utasikiliza zaidi, usikate tamaa, kaa karibu na anayeongoza siyo mwisho wa meza. Kama una watoto uliza kama wanaruhusiwa, kwingine wana kona yao. Na baadhi ya matawi ya Hamburg yana vikundi vya wanawake pekee, mwambie na mke wako aulizie huko.

---

Kijana wa Dortmund

Sina mke mkuu, ndiyo maana wanasema nitafute Mjerumani. Jumatatu naenda mapokezi.